Shangazi, nivae mkanda wa umeme unaokata hamu ya kula?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 38, mke wa mtu na mama wa watoto wawili. Nina kilo 112, urefu wangu sentimita 163. Nakuandikia saa nane za usiku kwa sababu nimetoka jikoni sasa hivi na sitaki kwenda kulala kando ya mume wangu mdomo ukinuka chakula.

Naomba nikueleze inavyokuwa. Mchana najizuia vizuri kabisa. Asubuhi nakunywa chai bila sukari, saa ya chakula cha mchana naipitisha, jioni nakula kidogo mezani na kila mtu anaona. Wakishalala, inaanza. Si njaa, Shangazi, njaa naijua. Ni kama mtu ananiita kwa jina kutoka jikoni. Nikijifunika shuka, anaita. Nikisali, anaita. Mwisho nainuka, nafungua friji, nakula nimesimama mlango ukiwa wazi, taa ya friji ndiyo inanimulikia, siwashi nyingine. Nakula haraka mpaka taya zinauma. Jana nimemaliza mkate mzima, nikaingia kwenye biskuti za watoto, nikamalizia na mabaki ya jioni kwa mkono, sufuriani. Nilikuwa nimeshiba tangu zamani lakini mkono haukusikia. Halafu nikakunja makaratasi ya biskuti, nikayasukuma chini kabisa ya ndoo ya taka, juu nikaweka maganda ya vitunguu ili mtu asiyaone. Sitapiki. Nakaa tu sakafuni nalia. Hii ni mara tatu au nne kwa wiki, na sasa umepita mwaka.

Nimegonga kila mlango. Nimefunga, nimekunywa chai za kupunguza mwili, nimelipa ada ya mazoezi nikaenda kweli. Kuna mwaka nilipunguza kilo 17. Zilirudi 20. Mume wangu si mtu mbaya, lakini maneno yake ni yaleyale: "Mdomo ni wako, nani anakushika mkono?" Sina la kumjibu, maana ni kweli hakuna anayenishika.

Mwaka juzi nilipoteza ujauzito, nikaanzishiwa dawa za sonona. Bado natumia. Zimenisaidia kuinuka kitandani, ingawa tangu nizianze nimeongezeka kama kilo 14.

Sasa nimeona video ya mkanda wa kichwani unaopitisha umeme mdogo kwenye ubongo. Wanasema uvae dakika 20 kwa siku na hamu ya kula itakufa, na kwamba sayansi imethibitisha. Nikatafuta, nikakuta kweli vyuo vikuu vimefanya utafiti wa namna hiyo. Nikaagiza. Umefika wiki iliyopita, boksi liko chini ya kitanda, sijalifungua. Dada yangu mkubwa alinichangia hela, na yeye huyohuyo ndiye aliyenitia hofu: anasema nikiwa mdogo niliwahi kupatwa na degedege, umeme wa kichwani usije ukaiamsha.

Je, ni salama? Unafanya kazi? Na kuna swali linaloniuma kuliko hayo. Kama hamu hii kweli iko ubongoni hadi watu wanaitibu kwa umeme, ina maana si kosa langu? Nikimwambia mume wangu hivyo ataona natafuta kisingizio. Na mimi mwenyewe naogopa kwamba ndicho ninachotafuta.

Mwenye boksi chini ya kitanda

*

Marahaba, mwanangu.

Boksi liache hapohapo lilipo, tutalifikia. Nataka nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu naona ndilo lililokufanya uagize huo mkanda. Wewe hukununua kifaa tu. Umetafuta kitu cha kumwonyesha mume wako, na cha kujionyesha mwenyewe, kwamba yule anayekuita usiku si tabia mbaya uliyoizaa wewe.

Basi hilo nikujibu bila kuzunguka: hamu ya chakula iko ubongoni. Kwako, kwangu, kwa mume wako aliye mwembamba. Chini kabisa ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo hipothalamasi, ambayo kazi yake mojawapo ni kupokea taarifa kutoka mwilini kuhusu akiba ya chakula. Mwaka 1994 timu ya Jeffrey Friedman huko New York iligundua leptini, homoni ambayo mafuta ya mwili yenyewe huipeleka ubongoni kusema "akiba ipo". Mwaka 1999 watafiti wa Japani wakagundua grelini, inayotoka tumboni na kusema "leta chakula". Mtu akipunguza uzito kwa nguvu, leptini hushuka na grelini hupanda, na ubongo unasoma hali hiyo kama njaa ya ukame hata kama mwili bado ni mzito. Ndiyo maana kilo zako 17 zilirudi na ndugu zao watatu. Hukulegea, ubongo wako ulikuwa unakupigania kwa namna inayoujua.

Kuna jaribio la zamani ambalo sichoki kuwasimulia watu wanaojilaumu. Kati ya mwaka 1944 na 1945, huko Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 wenye afya na akili timamu, waliojitolea, kwa miezi sita. Hawakuwa walafi hata kidogo. Lakini miezi ilivyokwenda walianza kuota chakula, wakasoma vitabu vya mapishi kama watu wengine wanavyosoma hadithi, wakalamba sahani. Na walipoachiwa kula tena, baadhi yao walikula kupita kiasi na bado wakasema hawajatosheka. Nimekutajia hao vijana kwa sababu ya siku yako ilivyo: chai bila sukari, mchana hakuna kitu, jioni kidogo mbele ya mashahidi. Mwanangu, unaufungisha ubongo wako tangu alfajiri, halafu usiku unashangaa unadai. Sehemu ya anayekuita kutoka jikoni umemwalika wewe mwenyewe mchana, ukidhani unafanya vizuri.

Nimesema sehemu, si yote. Rudi kwenye maneno yako: haraka mpaka taya zinauma, umeshiba na mkono hausikii, peke yako, gizani, makaratasi chini ya maganda ya vitunguu, kilio, bila kutapika, mara tatu au nne kwa wiki kwa zaidi ya mwaka. Huo si ulafi. Ni ugonjwa wenye jina, ugonjwa wa ulaji uliopoteza breki, na Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kiliutambua rasmi kama ugonjwa unaojitegemea mwaka 2013. Kipimo chao ni angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu. Wewe umekipita mbali. Sikupimi kwa barua, hilo ni la daktari uso kwa uso, lakini ningekuwa nakudanganya kama ningeisoma barua yako na kuongea habari za mkanda peke yake.

Na kuna sentensi umeipitisha kama kitu kidogo: kilo 14 tangu uanze dawa za sonona. Baadhi ya dawa hizo huongeza hamu ya kula na uzito, nyingine haziongezi au huongeza kidogo sana. Aliyekuandikia huenda hajui kwamba umeongezeka, au alijua akaona bora uinuke kitandani kwanza, na hapo alikuwa na haki. Lakini sasa anatakiwa aambiwe. Usiziache dawa mwenyewe, wala usizipunguze usiku mmoja kwa hasira. Sonona ikirudi, jikoni patakuwa pabaya zaidi. Nenda na pakiti yenyewe mkononi, useme kilo zilizoongezeka na tangu lini, uulize kama ipo nyingine inayokufaa. Na pole sana kwa mtoto uliyempoteza. Umeliandika kwa nusu sentensi, lakini nimeliona.

Sasa huo umeme.

Ulichosoma ni kweli: vyuo vikuu vimefanya utafiti, na ni utafiti wa heshima. Ila chini ya neno hilo moja, "kuchochea ubongo", kuna vitu vitatu tofauti kabisa, na wauzaji wanafaidika watu wanapovichanganya.

Cha kwanza ndicho kinachofanana na mkanda wako. Elektrodi mbili, yaani vipande vya kupitishia umeme, zenye sifongo iliyoloweshwa maji ya chumvi huwekwa kichwani, umeme wa miliampia 1 au 2 ukapita kwa dakika kama 20. Umeme huo hauwashi seli za ubongo kwa lazima. Unazisogeza tu zikawa karibu na kuwaka au mbali na kuwaka, na sehemu yake kubwa hupotelea kwenye ngozi ya kichwa kabla haujavuka fuvu. Hulengwa sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso kwa pembeni, ile inayotusaidia kusema "hapana" wakati mwili unasema "ndiyo". Mwaka 2008 timu ya Felipe Fregni iliwajaribu watu 23 wenye hamu kali ya vyakula fulani, na wakaona hamu imepungua baada ya umeme kuliko baada ya mashine ya bandia. Watu wakafurahi, wengine wakarudia. Wapo waliopata matokeo, wapo ambao hawakupata kitu.

Cha pili ni sumaku. Hapo hakuna umeme unaopitishwa kwenye ngozi. Koili, yaani waya uliozungushwa, inashikwa kichwani, nayo inarusha mapigo ya sumaku yanayofika ubongoni na kuziwasha seli kweli. Hiki nimekiona kwa macho. Nikiwa bado nafanya kazi ya unesi nilikaa na dada mmoja aliyekuwa anatibiwa sonona kwa njia hiyo, kwa sababu aliomba asiachwe peke yake mara ya kwanza. Walimvua hereni na vibanio vya nywele, wakampima kichwa kwa utepe, wakamvalisha kofia ya kitambaa na kuichora alama kwa kalamu. Kisha fundi akaanza kutafuta mahali, pigo moja moja, huku akimtazama mkono. Ghafla kidole gumba chake kikaruka chenyewe. Yule dada alikiangalia kidole kile kana kwamba si chake. Hapo ndipo walipojua nguvu inayomtosha yeye, maana kila fuvu lina unene wake, ndipo wakasogeza koili mbele na kuanza tiba: mlio wa haraka kama mtu anayegonga meza kwa ncha ya kalamu, kimya kidogo, mlio tena. Masikioni alikuwa na vizibo. Aliondoka akilalamika kichwa kinamuuma kidogo, basi.

Nimekueleza hivyo kirefu ili ulinganishe. Mtu mmoja alitumia karibu saa nzima kutafuta mahali sahihi kwenye kichwa kimoja. Mkanda wako umetengenezwa kwa vichwa vyote, na utakaouweka ni wewe, usiku, mbele ya kioo.

Kwenye hamu ya chakula, sumaku imejaribiwa pia. Mwaka 2005 huko London, Rudolf Uher na wenzake waliwachukua wanawake 28 wanaosumbuliwa na hamu ya vyakula, nusu wakapata sumaku ya kweli, nusu ya bandia, kisha wote wakawekewa chakula mbele yao. Waliopata ya bandia hamu iliwapanda. Waliopata ya kweli haikupanda. Habari njema. Lakini waliporuhusiwa kula, kiasi walichokula hakikutofautiana. Naomba usimame hapo kidogo, kwa sababu tangazo lako limeruka hapo. Kusema "hamu imepungua" kwenye karatasi ni jambo moja, kula kidogo ni jambo la pili, na kushuka kwenye mizani na kubaki huko mwaka mzima ni jambo la tatu. Tafiti nyingi za umeme na sumaku zimepima lile la kwanza, mara nyingi siku hiyohiyo, kwa watu wachache.

Walioenda mbele zaidi ni timu ya Livio Luzi huko Milan, Italia. Waliwapa watu wenye unene uliokithiri sumaku inayoingia ndani zaidi, vipindi 15 katika wiki tano, pamoja na mpango wa chakula na mazoezi, na waliopata mapigo ya kasi walipungua uzito kuliko waliopata ya bandia. Naliheshimu jaribio hilo na natamani kuona likirudiwa kwa watu wengi. Waliohusika walikuwa makumi machache tu. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani imeidhinisha sumaku kwa sonona tangu 2008, kwa ugonjwa wa mawazo yanayojirudia mwaka 2018, na kuwasaidia wanaoacha sigara mwaka 2020. Kwa unene, haijaidhinisha.

Cha tatu ni upasuaji: waya mwembamba unapitishwa hadi ndani kabisa ya ubongo na kuachwa huko. Sitakaa sana hapa kwa sababu hakuna anayekuuzia hicho, ila kuna mambo mawili yanayohusiana na wewe moja kwa moja. Mwaka 2022 timu ya Casey Halpern wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania ilitoa ripoti ya wagonjwa wawili wenye unene na ugonjwa ninaoushuku kwako. Waliwekewa kifaa kilichobuniwa kwa ajili ya kifafa, kwenye kisehemu kiitwacho nukliasi akumbensi, panapohusika na raha na kungojea raha. Kifaa kilikuwa kinasikiliza. Kabla ya kula bila breki, kisehemu hicho kilitoa mdundo fulani wa polepole wa umeme, na kifaa kikiusikia kinajibu kwa mshtuko mdogo usiohisika. Miezi sita baadaye wote wawili walikuwa wanapoteza breki mara chache zaidi na uzito umeshuka. Watu wawili si tiba ya dunia nzima. Lakini ule wito wako wa usiku, kwa wenzako wawili umerekodiwa kwenye mashine. Upo. Una umbo. Mwambie mume wako hilo.

La pili linatoka Toronto, Kanada. Mwaka 2008 timu ya Andres Lozano iliweka nyaya kwenye hipothalamasi ya mwanamume wa miaka 50 mwenye kilo 190, wakitumaini kumpunguzia hamu. Walipowasha umeme, yule bwana ghafla akajiona yuko bustanini na marafiki zake wa ujanani, miaka 30 nyuma, picha ikazidi kuwa wazi kadiri umeme ulivyoongezwa. Walitafuta hamu ya kula wakagusa kumbukumbu, na kazi yao ikageukia kwa wagonjwa wanaopoteza kumbukumbu. Hao ni madaktari bingwa, chumba cha upasuaji, waya unaopimwa kwa milimita. Ubongo ni nyumba ambayo vyumba vyake vimebanana. Ukigonga mlango mmoja anaweza kufungua wa jirani.

Kwa hiyo boksi. Ushauri wangu ni kwamba usilifungue, na kama muda wa kurudisha haujapita, rudisha wiki hii. Sisemi kwamba mkanda utakuua. Kwenye maabara, kwa kipimo kilekile, kinachoonekana zaidi ni kuwashwa na ngozi, wekundu, kichwa kuuma, na mara chache ngozi kuungua sifongo ikikauka. Lakini kwenye maabara kuna mtu anayekuangalia. Mwaka 2016 kundi la watafiti wa fani hiyohiyo, watu ambao kazi yao ni umeme huu, waliandika barua ya wazi kuwaonya wanaojiwekea nyumbani: kwamba umeme hauishii chini ya elektrodi, kwamba mabadiliko yanaweza kudumu kuliko unavyodhani, kwamba kipimo kilichomsaidia mmoja kinaweza kumfanyia mwingine kinyume. Wanaokipenda kitu hiki kuliko wote ndio wanaokuambia usikifanye chumbani kwako. Ongeza kwamba unatumia dawa za sonona, na dawa za ubongo huweza kubadilisha jinsi ubongo unavyoitikia umeme huo. Aliyekuuzia aliuliza habari za dawa? Ameuliza habari za degedege? Kama hakuuliza, amekuuzia mbuzi kwenye gunia.

Siko kinyume na utafiti wenyewe. Ukisikia hospitali ya chuo kikuu inatafuta watu wa kushiriki jaribio la sumaku au umeme kwa hamu ya kula, jaribio lenye kibali cha kamati ya maadili, ambako hutozwi hela na unapimwa kabla, nenda ukaulize kwa moyo mweupe. Nitakuwa wa kwanza kukusindikiza kwa dua. Nakukataza mkanda, sikukatazi matumaini.

Wakati huo, kuna vitu ambavyo tayari vimepimwa kwa watu wengi na hujavigusa. Kwa ugonjwa wa kula bila breki, tiba inayotangulia ni ya mazungumzo, ile inayochunguza mawazo na tabia hatua kwa hatua na mtaalamu. Na usishangae, kitu cha kwanza watakachokuagiza karibu kila mara ni kula: asubuhi, mchana, jioni, na vitafunio katikati, kwa saa zinazojulikana. Utaogopa. Utaona unajinenepesha. Anza hata kesho, kabla hujamwona mtu yeyote: kula chakula cha mchana kamili, ukiwa umeketi. Sikuahidi kwamba usiku huo utakuwa kimya. Nakuahidi kwamba usiku wenye tumbo lililokula mchana haufanani na huu wako.

Kwa uzito wenyewe, uwiano wako wa uzito na urefu ni 42. Mtu mwenye 40 na zaidi ana haki ya kuongea na daktari kuhusu dawa na hata upasuaji wa kupunguza tumbo bila kuona haya. Sindano ya semaglutide, ya mara moja kwa wiki, ilipimwa kwa karibu watu elfu mbili katika utafiti uliochapishwa 2021. Baada ya wiki 68 walikuwa wamepungua wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito wao, wa dawa bandia asilimia 2 na kitu. Hufanya kazi kwa sehemu kubwa ubongoni, na wengi wanaoitumia husema zile kelele za chakula kichwani zimenyamaza. Ina kichefuchefu chake, na ukiiacha uzito huelekea kurudi, kwa hiyo si ya kununua kwa njia za pembeni. Na daktari akitaja dawa yoyote ya kupunguza uzito yenye bupropioni, mtajie degedege hapohapo, kwa sababu hiyo inaweza kumsogeza mtu karibu na kifafa.

Mume wako. Hasemi uongo anaposema hakuna anayekushika mkono. Anachokosa ni kwamba hajawahi kuuona mkono huo usiku. Hajui habari za ndoo ya taka. Umemficha vizuri kiasi kwamba anachokiona ni mke anayekula kidogo mezani na kuongezeka kilo, na kwa mtu asiyejua, hesabu hiyo ina jibu moja tu. Mwonyeshe barua yako, ile yako, si hii yangu. Usimwombe akubali kwamba huna kosa. Mwombe akupeleke kwa daktari na akae ndani mnapoongea. Kuhusu kisingizio unachokiogopa: mtu wa visingizio hahitaji daktari, anahitaji tu kuachwa alivyo. Wewe unaandika saa nane za usiku ukiomba njia ya kutoka.

Kabla ya siku ya daktari, kazi moja. Dada yako amesema degedege, lakini dada naye alikuwa mtoto wakati huo, alichokumbuka ni hofu. Mama yako, kama yupo, au yeyote mkubwa aliyekuwepo, muulize: nilikuwa na umri gani? Nilikuwa na homa? Ilikuwa mara moja au ilijirudia siku hiyohiyo? Ilichukua dakika ngapi, na mwili ulikakamaa wote au upande mmoja? Degedege fupi la homa utotoni, mara nyingi, halifuatani na mtu hadi ukubwani. Lile refu, au la upande mmoja, au lililokuja bila homa, daktari atataka kulijua kabla hajakuandikia chochote. Yaandike majibu nyuma ya pakiti ya dawa zako, uende nayo.